Alichosema Mkunga Ndani ya Helmeti

Mkunga aliingia kituoni saa tatu asubuhi akiwa amevaa helmeti, na hakuivua mpaka alipofika mezani kwa Inspekta.

"Mama, humu ndani hakuna pikipiki," Koplo Kiberiti alimwambia pale mapokezi.

"Najua. Ila mara ya mwisho nilikukabidhi kalamu yangu uandike maelezo, na mpaka leo sijaiona. Hii nitaikabidhi mwenyewe kwa mkubwa wako."

Koplo akajishika mfuko wa shati. Kalamu ilikuwa humo humo. Walipofika mezani, Inspekta aliichomoa, akamrudishia mwenyewe, kisha akaipokea helmeti kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto.

Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili ambaye askari wote walimwita Miwani akiwa hayupo. Alikuwa na jozi tatu: moja kichwani, moja shingoni kwenye kamba, na ya tatu alikuwa akiitafuta kila siku. Faili la kesi lilikuwa mbele yake, jembamba, na wembamba wake ndio uliomkera.

Mkunga na mumewe Fundi Saa walikuwa na pikipiki kubwa ya safari, ya zile zenye masanduku mawili ubavuni na moja nyuma, na kiti cha abiria kinachofanana na cha daktari wa meno. Waliinunua mwaka Mkunga alipostaafu. Watoto wao walidhani ni ugonjwa utakaopita, lakini huu ulikuwa mwaka wa pili na wazee walikuwa wameshatembea nusu ya nchi. Ndani ya helmeti zao mlikuwa na vifaa vya kuzungumzia, dereva na abiria, ambavyo wenyewe waliviita simu ya kofia.

Alhamisi iliyopita walikuwa wakipeleka saa ya mfukoni ya Jaji mstaafu, iliyokaa mezani kwa Fundi miezi miwili ikitengenezwa. Njiani walisimama kwenye kituo cha mafuta. Mkunga akaingia dukani kununua maji, helmeti kichwani. Fundi akabaki na pikipiki, naye helmeti kichwani. Akatokea mtu akasema ametumwa na Jaji aipokee saa hapo hapo. Fundi akamuuliza mkewe kwa simu ya kofia, akasikia jibu, akafungua sanduku la nyuma, akampa.

Mtu yule alikuwa dereva wa zamani wa Jaji, aliyefukuzwa kazi mwezi uliotangulia. Alikamatwa Jumapili saa ikiwa ndani ya soksi yake. Askari aliyemkamata alisema hakuhitaji hata kumpekua, kwa maana aliisikia soksi. Fundi alikuwa ameitengeneza vizuri mno.

Saa ilipatikana, mwizi akapatikana. Kilichobaki kilikuwa Mkunga mwenyewe.

"Afande, hii kesi imeiva," Koplo alisema, akibandika kidole juu ya faili. "Mume anasema mkewe alisema 'mpe'. Dereva anasema alimsikia mama akisema 'mpe'. Watu wawili, hawakuonana, neno moja. Huyu mama peke yake ndiye anasema alisema 'usimpe'. Walipanga. Na wanajuana!"

Mwendesha mashtaka angekuja kuchukua faili saa kumi jioni. Likiondoka lilivyo, Mkunga, mwenye miaka sitini na minne, angesimama kizimbani bega kwa bega na Dereva, kwa kula njama za wizi, na shahidi wa kwanza dhidi yake angekuwa mume wake.

"Kaa, dada," Inspekta alimwambia. "Dereva unamjua?"

"Mke wake nimemzalisha mara tatu. Wa pili alitanguliza makalio. Kama kunijua mimi ni kosa, mdogo wangu, agiza mabasi mawili ukamate mtaa mzima. Na huyu Koplo wako," alimwelekezea kidole, "alitoka kimya kabisa, rangi ya wino. Nilimchapa makofi mawili ndipo akalia. Ningejua ndiye atakayeniandikia mashtaka, ningemuongeza la tatu."

Koplo aliinamia daftari.

"Hilo usiliandike," Inspekta alimwambia. "Dada, pale dukani ulisema nini? Neno kwa neno."

"Usimpe."

"Halafu?"

"Basi."

"Unamuona mtu aliyefukuzwa kazi anaomba mali ya Jaji, na unasema neno moja tu?"

Mkunga alimtazama kwa huruma. "Wewe umezaa?"

"Wawili."

"Aliyekuzalisha alikuwa anakuhutubia?"

Inspekta alifikiri. "Alisema 'sukuma'."

"Na nini tena?"

"'Usisukume'."

"Umeona. Miaka thelathini na minane nimefanya kazi ya neno moja moja. Halafu ni mume wangu mwenyewe aliyeweka sheria: kwenye simu ya kofia hakuna hadithi, betri inakwisha. Nikatii sheria yake, leo sheria yake inanipeleka jela."

"Kwa nini hukutoka mbio ulipoona anampa?"

Kwa mara ya kwanza Mkunga alishusha macho. "Mlango wa duka ni wa kuvuta."

"Sasa?"

"Mimi niliusukuma. Nikausukuma tena. Kazi imenizoeza. Nilipokumbuka kuvuta, kijana alishaondoka. Nikamuuliza mzee, 'Umempa?' Akaniambia, 'Si umesema mwenyewe?' Nikadhani ananitania. Sasa nalala kwa dada yangu tangu Alhamisi, godoro lake limejaa mabonde, lakini siwezi kulala kitanda kimoja na mtu aliyeniita mwongo kwenye karatasi ya polisi."

Inspekta aliivuta miwani ya shingoni, akaivaa. "Mmewahi kugombana siku nyingine kwa sababu ya simu hiyo?"

"Mara moja. Lori la magogo. Tulikuwa nyuma yake kwenye mlima, linatambaa, na sisi tunatambaa. Mbele kuna kona. Nikamwambia, 'Usilipite.' Akalipita! Nilimfinya ubavuni mpaka vidole vikaniuma, na yeye eti ananiuliza ninamfinyia nini."

Inspekta aliandika neno moja katikati ya karatasi tupu: *usilipite*.

Fundi Saa alitakiwa afike saa nne. Alifika saa nne na dakika kumi na mbili, akasema hakuchelewa, ni saa ya ukutani ya kituo inayokimbia. Kabla ya kuketi alipanda juu ya kiti, akaifungua, akairudisha nyuma dakika kumi na mbili. Alikuwa mzee mwembamba mwenye nywele nyeupe, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja mtu akiongea. Mkunga alikuwa ameshatolewa nje, kwenye benchi la uani.

"Mzee wangu," Inspekta alianza, "mkeo ni mwongo?"

"Mke wangu hajawahi kunidanganya. Hata pale ambapo ningependa anidanganye kidogo."

"Basi alisema 'usimpe'."

"Alisema 'mpe'. Mwanangu, masikio haya ndiyo yanayonilisha. Saa ikichelewa nusu sekunde mimi nasikia."

"Mmoja wenu lazima awe anadanganya."

"Hayupo." Fundi aliweka viganja mezani. "Nimeifungua hii kesi kama saa. Kila gurudumu liko mahali pake, ila saa haiendi."

"Ulimuulizaje? Maneno yenyewe."

"Nilisema, 'Mama, kuna mtu hapa katumwa na Jaji achukue saa. Nimpe?' Kimya kidogo, halafu nikasikia, 'Mpe.' Sauti yake, hasira zake, kila kitu chake."

"Ulianza na 'Mama'?"

"Ningeanza na nini? Miaka thelathini na miwili namwita Mama."

"Na yeye akitaka kuongea na wewe, anaanzaje?"

"Yeye haanzi. Anaingia tu, kama sindano."

Koplo alicheka, akajifanya anakohoa. Inspekta hakucheka. "Nieleze habari ya lori la magogo."

Fundi alijishika ubavu bila kujijua. "Hilo lori! Aliniambia mwenyewe, 'Lipite.' Nikalipita. Akanifinya. Nilisema huyu mwanamke leo ana lake jambo."

Inspekta akavuta ile karatasi, akaandika *lipite* chini ya neno la kwanza, akizipanga herufi zikae chini ya wenzao. Kisha pembeni akaandika *usimpe*, na chini yake *mpe*, vile vile. Akaigeuza karatasi ili Koplo aione.

"Herufi zipi hazina mwenzao?"

Koplo aliinama. "U, s, i. Na huku... u, s, i."

"Kesi hii ina wezi wawili, Koplo. Mmoja ameiba saa. Wa pili anaiba 'usi'."

"Afande, kifaa cha mzee nilikipeleka kwa fundi wa simu. Kasema ni kizima."

"Sikusema kimeharibika. Mzee, kijitabu cha maelekezo unacho?"

Fundi alikuwa nacho, kwenye mfuko wa koti, kimefungwa kwa mpira, na ilionekana wazi kwamba hakijawahi kufunguliwa. Mtu aliyewauzia vifaa ndiye aliyeviwasha na kuviweka sawa, na wao walichojifunza ni kitufe cha kuwashia na cha kuongeza sauti. Maandishi yalikuwa madogo kama chawa. Inspekta alivaa miwani ya kichwani juu ya miwani ya shingoni, akasoma ukurasa baada ya ukurasa huku watu wawili wakimsubiri, mpaka kidole chake kiliposimama.

"'Ili kuokoa betri, kipaza sauti hulala mtumiaji anaponyamaza, na huamka mtumiaji anapoanza kuongea.'" Akarudia. "Huamka *anapoanza*. Koplo, wewe ukiwa umelala, mtu akikuamsha kwa kukusemesha, neno lake la kwanza unalisikia?"

"Silisikii, Afande."

"Mkeo, Koplo, analijua hilo?"

"Analijua vizuri sana."

Jaribio la kwanza walilifanya uani saa sita kasoro, jua likiwa kichwani. Mkunga hakuruhusiwa kugusa kitu, kwa kuwa kesi ilikuwa yake. Aliketi kwenye benchi la kushoto. Fundi aliketi benchi la kulia. Kati yao palikuwa na kamba ya kuanikia yenye sare mbili za askari, na kila mmoja alikuwa akizichunguza zile sare kama hajawahi kuona suruali.

Inspekta alivaa helmeti ya Fundi. Koplo alisukumiwa kichwani ile ya Mkunga, iliyomkaba mashavu hata akafanana na mtu anayepuliza moto, akaenda kusimama karibu na tangi la maji. Alikuwa na karatasi yenye maneno. Inspekta alikuwa na karatasi tupu. Yeye aandike anachosikia, kisha walinganishe.

Koplo alisema, "Naanza, Afande," akasoma yote mfululizo: usimpe, usimwachie, usimngoje, usimfuate. Inspekta aliyapata yote, kamili, hakuna hata herufi iliyopungua.

Koplo alirudi akivua helmeti na ushindi usoni. "Kifaa kizima, Afande. Nilisema."

Kwenye benchi la kushoto Mkunga alikunja mikono. Kwenye benchi la kulia Fundi alizidi kuinamisha kichwa. Inspekta aliitazama karatasi yake, akaitazama ya Koplo, na kwa muda mfupi ilionekana kama faili litaondoka lilivyo.

"Wewe ulikuwa unaongea bila kupumua," alisema mwishowe. "Kilikuwa macho muda wote. Mkunga dukani alikuwa amenyamaza, anachagua maji. Rudi. Kati ya neno na neno unyamaze dakika nzima, kwa saa yako."

"Dakika nzima, Afande?"

"Najua ni mateso. Jitahidi."

Safari hii Inspekta alisubiri. Dakika ikapita, nzito. Kisha sikioni: *Mpe.*

Akaandika. Dakika nyingine. *Mwachie.* Dakika nyingine. *Mngoje.* Na kabla ya neno la nne, kwa sababu Koplo alisahau kwamba kifaa kikishaamka hukaa macho kidogo, akasikia pia: *Huyu mama ataniua kwa jua hili.*

Aliandika na hilo, akaliwekea namba.

Kisha akampigia Koplo ishara ya mkono na kumpelekea maneno mawili mapya. La kwanza lilikuwa "Mama, usimpe". Likafika likiwa "...ma, usimpe". Kifaa kilikuwa kimekula nusu ya "Mama" na kushiba. Neno la pili lilikuwa "mpe" peke yake. Inspekta alisubiri, akaona midomo ya Koplo ikitikisika kule mbali, na sikioni hakikuingia kitu. Akaamuru lirudiwe. Hakikuingia kitu. Mara ya tatu, kimya kile kile.

Koplo aliporudi, alikuta bosi wake ameshazipanga karatasi mbili juu ya ukingo wa kisima cha uani, jiwe juu ya kila moja.

"Kulitaja la nne si lazima, Afande," alisema haraka alipoona namba nne.

"Si lazima. Tazama la mwisho. Umesema 'mpe' mara ngapi?"

"Tatu."

"Nimesikia mangapi?"

Koplo alikagua. "Hakuna."

"Basi sikiliza polepole. Kama Mkunga angesema 'mpe', mzee asingesikia chochote. Neno ni fupi mno, kifaa kinalimeza lote. Mzee amesikia 'mpe'. Kwa hiyo mbele ya 'mpe' palikuwa na kitu kilichomezwa. Nini hukaa mbele ya 'mpe', Koplo?"

Koplo alikaa juu ya ukingo wa kisima. Lugha yetu huweka kukataa mbele ya neno. Kifaa kilitengenezwa na watu ambao labda wao huweka kukataa kwao mahali pengine.

"Na mzee hakuwahi kupatwa na hili kwa sababu ana adabu," Inspekta aliendelea. "Anaanza na 'Mama'. Kinachopotea ni jina tu. Wakiwa kwenye mwendo mkali upepo unakiweka kifaa macho, hakimezi kitu. Ni pale wanapotambaa nyuma ya lori, au wamesimama."

Alimwita Fundi, akamvika helmeti yake mwenyewe. Mkunga akaruhusiwa kuvaa ya kwake, maana jaribio rasmi lilikuwa limekwisha na kuandikwa. Wale wawili wakasimama, kila mmoja upande wake wa kamba, wakatazamana kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Dakika nzima hakuna aliyesema kitu. Kisha midomo ya Mkunga ikatikisika.

Fundi aligutuka kama aliyeitwa na mtu wa mbali. Akaivua helmeti, akaigeuza, akachungulia ndani, akaigonga kwa ukucha, akaiweka sikioni.

"Inachelewa," alisema. "Nusu sekunde!" Uso wake wote ulikuwa umefunguka kwa furaha. "Inachelewa tu!"

"Mnamwona?" Mkunga aliuliza uwanja mzima. "Miaka miwili nakatwa ulimi, yeye anashangilia."

Lakini Koplo Kiberiti hakupewa jina lile bure. Alisimama tena. "Afande, bado Dereva. Yeye hakuwa na helmeti. Masikio yake mwenyewe. Naye alisikia 'mpe'."

"Ndiyo maana mpaka sasa sijala," Inspekta alisema. "Mlete."

Dereva aliletwa chumba cha mahojiano saa nane, ametulia, shati limepigwa pasi kwa njia ambayo hakuna aliyeweza kuieleza. Alikuwa na ulimi mtamu. Hoja yake ilikuwa moja na hakutoka nje yake: yeye hakuiba, alipewa. Mzee alimpa kwa hiari, mama akaruhusu.

"Mama alikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Dukani, mlangoni pale."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Karibu na pampu, na mzee."

"Hatua ngapi?"

"Kama ishirini hivi."

"Na ulimsikia."

"Kwa masikio yangu haya mawili, afande wangu. Mama yule namheshimu, kanizalishia wanangu, siwezi kumsingizia."

"Alisema nini?"

"'Mpe.'"

"Si 'usimpe'?"

"'Mpe', afande. Naapa."

"Andika hivyo hivyo, Koplo. 'Mpe', naapa." Inspekta aliisubiri kalamu imalize. Kisha akaiweka helmeti ya Fundi katikati ya meza. "Unaijua hii?"

"Ya mzee."

"Mama mdomoni mwake alitoa neno 'usimpe'. Tumelipima asubuhi hii, limeandikwa. Njiani, ndani ya kifaa, 'usi' ikaliwa, ikabaki 'mpe'. Kwa hiyo hilo 'mpe' halikutoka mdomoni mwa mtu yeyote. Lilizaliwa humu na likafia humu, sikioni mwa mzee. Katika dunia nzima lilisikika mahali pamoja tu." Akaigonga helmeti. "Wewe ulikuwa umekaa wapi humu ndani?"

Dereva aliitazama helmeti. Akaitazama tena, kama mtu anayepima kama angetosha.

"Ungesema umemsikia akisema 'usimpe', ningekuamini," Inspekta alisema kwa upole. "Aliyekupa neno 'mpe' ni nani?"

Dereva alijibu kwa macho, na macho yalikwenda kwa Koplo. Koplo alikuwa anachunguza dari.

"Koplo. Nisomee swali la sita ulilomuuliza Jumapili."

Kurasa zilifunuliwa polepole kuliko ilivyohitajika. "'Je, ulimsikia yule mama akisema "mpe"?'"

"Na jibu?"

"'Ndiyo, afande.'"

"Ulimlisha kwa kijiko," Inspekta alisema. "Akafungua mdomo. Mtu mwenye njaa hakatai." Akamgeukia Dereva. "Sasa nieleze ulichoona. Ulichoona tu."

Dereva alishusha pumzi, na utamu ukamtoka pamoja nayo. "Sikusikia kitu, afande. Mzee aliongea peke yake ndani ya kofia, akanyamaza, akafungua sanduku. Mama nilimuona ndani ya kioo, anahangaika na mlango. Anausukuma tu, na umeandikwa VUTA. Nikasema hapa niondoke kabla hajajifunza kusoma."

"Andika, Koplo. Yote. Na hilo la kusoma."

Ilipofika saa tisa na robo, kilichobaki kilikuwa karatasi moja. Maelezo ya zamani ya Fundi yalisema mkewe alisema "mpe", na yalikuwa na saini yake. Inspekta asingeweza kuyachana. Maelezo mapya yalitakiwa, kwa maneno ya mzee mwenyewe, kwa mkono wake, yawekwe juu ya yale.

Fundi aliandika kwa uangalifu wa mtu anayekaza skrubu ndogo. Akampa Inspekta asome kwa sauti.

"'Siku hiyo kifaa kilichelewa nusu sekunde, ndiyo sababu ya kutoelewana.'"

"Kifaa," Mkunga alisema kutoka mlangoni, ambako hakuna aliyemkaribisha, "hakikuja polisi kusema mimi nimesema 'mpe'."

"Mama, lakini ndiyo hali halisi."

"Mimi sikatai hali halisi. Nauliza nani alikuja polisi."

Inspekta alimrudishia Fundi kalamu. "Mwendesha mashtaka hatakishitaki kifaa, mzee wangu. Atatafuta sentensi inayosema mkeo alisema nini. Kama haimo, jina lake linabaki."

Fundi alifuta. Akaandika, akasimama, akaandika. Mara ya pili Inspekta hakusoma kwa sauti mpaka Fundi alipomwinulia kichwa kumaanisha asome.

"'Mke wangu alisema usimpe. Mimi sikumsikia sawasawa.'"

Koplo, ambaye naye alikuwa na mke, aliacha kuandika. Fundi aliweka saini chini yake, polepole, herufi zote, na Inspekta akaigongea muhuri kabla hajabadili mawazo.

Mwendesha mashtaka alifika saa kumi kasoro dakika mbili, akasoma faili akiwa amesimama, akauliza swali moja kuhusu lile jaribio la "mpe" lisilosikika, akapewa karatasi zote mbili, akacheka alipofika namba nne. Faili likaondoka na jina moja tu la mshitakiwa, nalo ni la Dereva.

"Umemaliza, dada," Inspekta alisema. "Nenda nyumbani."

Mkunga hakuondoka. "Naomba nakala."

"Ya nini? Umeshatolewa kwenye kesi."

"Si ya kesi. Miaka thelathini na miwili kila tukibishana naambiwa 'wala hukusema hivyo'. Leo mtu kaandika kwa mkono wake, na serikali imeshuhudia."

"Mama," Fundi alisema, "hayo mambo ya ndani."

"Ndani ndipo nitakapoitundika. Sebuleni, juu ya ile saa yako kubwa."

Inspekta aliivua miwani, ya juu na ya chini, akaifuta yote miwili kwa muda mrefu. "Koplo, mtolee mama nakala."

"Mbili," Mkunga alisema. "Moja ya dada yangu, amenivumilia siku tano."

Koplo alizitoa, akazigongea muhuri kila moja, kwa adabu ambayo hakuwa nayo asubuhi. Mkunga alipuliza wino mpaka ukakauka, akakunja karatasi moja mara nne na kuiweka kifuani, nyingine akamkabidhi mumewe aitie sanduku la nyuma la pikipiki. Fundi alisimama nayo mkononi kama mtu aliyeshikishwa hati ya kifungo chake.

"Mama," alisema taratibu, "turudi nyumbani?"

Mkunga alimtazama juu hadi chini, helmeti ikiwa bado chini ya kwapa, na akahakikisha kwanza kwamba mzee ameinamisha kichwa upande wa sikio zuri.

"Turudi," alisema.